Mdogo Wangu Alipotaka Kumfundisha Mama Kunywa Chai

Enzi zetu kule Bulwa chai haikuwa na mafundisho, ilikuwa na foleni. Vikombe viwili vya bati, watoto watano, na aliyechelewa kuamka alikunywa makapi. Msinidhanie kizee, mwanangu wa pili bado ananyonya. Lakini nyie mliokulia kwenye kambi za mashamba ya chai mtanielewa. Hawa wa leo wanaopiga picha kikombe kwanza ndipo wanywe, wasome tu, wakinuna shauri yao.

Nakumbuka baridi ya mwezi wa saba. Mama anatoka ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai, kajifunga nailoni kiunoni kukinga umande, tenga mgongoni, mkononi ile fimbo yake nyembamba ya kulaza juu ya mchai ili asichume chini ya usawa uliowekwa. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka jua linazama. Sisi tukitoka shule tunamfuata, tunateleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba, kaptura zinatoboka, tunatafuna iliki mbichi za watu mpaka ulimi unawaka. Vidole vya mama vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Havikutakata hata Jumapili kanisani.

Jioni ni bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda, halafu chai ya rangi. Sheria za mama zilikuwa chache na fimbo ilikuwa karibu. Viatu vibaki mlangoni. Mkae mkekani, mtulie. Mkubwa apewe kikombe kwa mikono miwili, goti chini. "Hii imetoka mgongoni mwa mtu," alikuwa anasema, "inyweni kwa adabu." Tukanywa kwa adabu.

Isipokuwa Anjela, kitinda mimba wetu. Huyo goti lake lilikuwa halifiki chini, linaning'inia hewani kama lina kidonda. Alipoingia sekondari ndiyo akaacha kabisa. "Dada, hayo mambo ya kishamba." Sawa. Mimi niliishia kidato cha nne, nikaolewa hapa Soni, nauza karoti na kabichi, na mgongo wa mama ulipokataa kazi nikamchukua nikae naye. Anjela akaenda chuo.

Huko chuoni akapangiwa chumba kimoja na Rehema, binti wa Tanga mjini, aliyewahi kufundishwa Kijapani na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka hukohuko Japani. Kabla ya hapo Anjela alikuwa anatazama katuni za Kijapani tu, ugonjwa mdogo, unapona wenyewe. Rehema akachochea kuni. Akamfundisha maandishi yao, akamfundisha kuviringisha wali kama sigara, akamfundisha kuinama. Likizo ya kwanza msichana karudi, anapita mbele ya mzee jirani yetu, shikamoo hakuna! Anainama kama anatafuta shilingi iliyodondoka. Mzee wa watu akamuuliza, "Mwanangu, tumbo linakusumbua?"

Likizo hii akaja na Rehema mwenyewe. Nipo jikoni namenya viazi, Anjela ananihubiria.

"Dada, kumbe Wajapani wanavua viatu mlangoni!"

Naendelea kumenya.

"Wanakaa chini, kwenye mikeka! Na kikombe wanapokea kwa mikono miwili!"

Kisu kikasimama. "Na wewe ulichapwa kwa kukataa nini?"

"Dada nawe! Huu ni utamaduni."

"Wa mama ulikuwa nini, upele?"

Rehema akacheka, Anjela akanuna. Wangejua ninayoyawaza wote wawili wangenuna.

Jumapili baada ya ibada wakatandika mkeka. Wakatoa bakuli, unga wa kijani kama wa mlonge, na kifagio kidogo cha mwanzi cha kukorogea, ungedhani cha kuoshea chupa za mtoto. Halafu wakamwita mama aje afundishwe kunywa chai. Mama! Mgongo umepinda kama mundu kwa ajili ya chai, leo anafundishwa kuinywa na mtoto aliyesoma kwa chai hiyohiyo. Nikasema moyoni, wamcheke tu mama yangu, wamcheke mara moja, leo hii watapanda gari la Mombo warudi chuoni na kifagio chao.

Rehema akapiga goti, akamkabidhi mama bakuli. "Karibu, mama." Mama hakunywa. Akanusa. Akachovya kidole kwenye ule unga mkavu, akausugua, akaulamba.

"Jani hili limekulia kivulini," akasema.

Rehema akatoa macho. "Mama, ni kweli! Huwa wanaifunika michai kabla ya kuchuma. Umejuaje?"

"Kule mwisho wa shamba tulikuwa na michai chini ya miti mikubwa. Jani lake laini, kijani mno, ukali mdogo."

Anjela akasogea. Wala hakuambiwa na mtu, goti lake likafika chini. "Mama, na sisi ulikuwa unatuweka wapi ukichuma?"

Mama akaninyooshea mimi kidevu. "Huyu nilimlaza hapohapo kivulini, kwenye tenga bovu. Analia namsikia, lakini mstari wangu haujaisha. Nilikuwa nachuma naye analia."

Halafu akaonja ile chai yao, akakunja uso, akaagiza sukari.

Mimi nilirudi jikoni na viazi vyangu, nina hasira za kuuma meza. Miaka yote nimemwogesha yule mama, nimemkanda mgongo, sijawahi kumuuliza hata siku moja. Mpaka aje msichana wa Tanga na unga wa Japani! Enzi zetu tulikuwa na magoti, Mungu anajua, tuliyapiga bila kukosea. Kuuliza hatukuuliza. Hawa wa sasa goti wanaliazima ng'ambo ya bahari, salamu za wakubwa zimewashinda, ila mdomo wa kuuliza wanao, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jioni nikachemsha chai ya rangi, nikatia iliki. Nikampelekea mama kwa mikono miwili, goti chini, kama zamani. Siku zote nikishatoa kikombe naondoka zangu. Safari hii nikakaa mkekani.

"Mama," nikamwambia, "nilikuwa nalia sana?"