Mikono ya Gauni la Mama Shuka

Katika hoteli ile hakuna aliyetandika kitanda kama yeye, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Mama Shuka. Aliingia kazini pale wakati hoteli ingali na mwenyewe, mtu unayemwona na kumsalimu, si kampuni. Chini ya ngazi palikuwa na fundi cherehani. Mfanyakazi mpya alipimwa mabega na kiuno, akapewa magauni mawili bila kudaiwa kitu. Gauni likimbana au likimpwaya alirudi kwa fundi, wakataniana, likarekebishwa. Ukiwasimulia watu wa siku hizi wanadhani umeota.

Kampuni ilipoinunua hoteli, fundi aliambiwa akapumzike. Magauni yakaja yamefungwa mafurushi, moja kwa kila mtu, saizi ile ile kwa wanene na wembamba, ya buluu, mikono mirefu mpaka kwenye viganja. Bei yake ikakatwa kwenye mshahara bila mtu kuulizwa. Mama Shuka alinung'unika, akameza.

Lakini mikono ile! Aliyeichagua hajawahi kusugua choo. Akiinama kwenye bafu inalowa, akitandika inachafua shuka safi. Basi akafanya alichozoea tangu ujana wake, maana zamani gauni la kazi lilifuata kazi. Jioni moja aliketi kitandani kwake, akaikata mikono kwenye viwiko, akaipiga pindo safi, hata shoga yake anayesafisha ghorofa ya pili ya hoteli akamwonea wivu.

Mwisho wa mwezi mshahara ukaja umekatwa tena. Safari hii ni kwa kosa la kuharibu mali ya kampuni. Kilichobaki hakikutosha kodi ya chumba, na mwenye nyumba alikwisha kumwonya kwamba akichelewa tena atakuta kufuli jipya mlangoni.

Akaenda kwa ofisa utumishi, kijana wa rika la kitinda mimba wake, ananukia manukato na macho hayatoki kwenye simu. Kijana akamsogezea karatasi ya kukubali makato ya sare.

"Saini hapa, mama yangu, tumalize."

"Hili gauni ni la nani, mwanangu?"

"La kampuni."

"Sasa ile pesa mliyonikata mwanzo, nilinunulia nini?"

Kijana akasema ile ilikuwa pesa ya kulitumia tu. Kisha, kwa upole uliomuudhi kuliko tusi, akamwarifu kuwa wenzake wote wamekwisha saini. Na shoga yake? Naye pia, asubuhi ile ile.

Mama Shuka hakusaini. Siku yake ya mapumziko alilikunja gauni, akalitia kwenye mfuko, akaenda ofisi ya kazi ya serikali. Alikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililokuwa la kawaida zamani na sasa ni kama sadaka. Akasema mwajiri hawezi kumkata hivyo bila ridhaa yake, na kwamba kampuni itaitwa ijieleze.

"Niachie gauni, dada. Ndio ushahidi wenyewe."

"Nikikuachia, kesho watasema nimelipoteza. Wanikate na hilo pia."

Karani akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamweleza taratibu kuwa bila gauni, kampuni itakana kila kitu, na yeye atabaki na maneno matupu.

Mama Shuka akafikiria chumba chake. Halafu akafikiria lango la hoteli, ambako asiye na sare hapiti. Alilitoa gauni, akalitandaza juu ya meza, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja kama anatandika, akalisukuma upande wa pili.

Akatoka akitafuta maneno ya kumwambia mlinzi wa langoni asubuhi, mtu ambaye naye kofia yake alikuwa bado anailipia.