Mchanga wa Ndagala Hautaki Kofia

Saa sita mchana jua limesimama wima juu ya Kalemie, mji ulio kando ya ziwa, na wenye mahali pa kujificha wamejificha. Ufukweni, Syntiche anafungua kitambaa chake cha kichwani, anakikung'uta, kisha anakifunga kiunoni, chini kidogo ya mimba ya miezi saba. Anainama polepole, mkono mmoja gotini, na kuanza kugeuza ndagala.

Samaki hao wadogo wametandazwa mchangani kuanzia penye mitumbwi hadi karibu na njia ya miguu. Upande wa juu umeshakauka na kung'aa. Upande wa chini bado una majimaji. Wasipogeuzwa saa hii, jioni watanuka, na wachuuzi wanaowapeleka Nyunzu na Manono hawatawagusa. Ndiyo maana wanawake wa hapa wako juani wakati ambao hata mbuzi wanatafuta ukuta.

Na wote wako kichwa wazi. Hakuna kofia, hakuna mwavuli, hakuna hata kitenge kilichovutwa usoni. Waliokuja wamejifunga vitambaa wamevishusha kiunoni kama yeye.

"Ku mchanga hatujifunikaka," anaeleza bila kuinua macho. "Ukijifunika juu ya ndagala, unaita mvua. Nilikuta wamama wanasema vile, na mie nikasema vile."

Syntiche ana miaka thelathini na mitatu. Inabidi kulisema hilo mapema, kwa sababu anayemwona hawezi kulikisia. Mashavu yamekunjamana, madoa meusi yenye rangi ya bluu yamezunguka macho, shingo imelegea, na vifundo vya vidole ni vyeusi kuliko mkono wenyewe. Alipokwenda kupima mimba hii kwa mara ya kwanza, mlinzi wa kituo cha afya alimpisha kwa adabu zote, akamwuliza: "Nkambo, binti yako mwenye mimba iko wapi?"

Nkambo ni bibi, yule anayelea wajukuu.

"Nilicheka," anasema Syntiche. "Nikamwambia, mwenye mimba njo mie. Na yeye akacheka. Nilipofika ndani nikalia."

Alizaliwa kaskazini mwa ziwa, upande wa Fizi, akaja Kalemie akiwa bibi harusi. Mumewe, Toussaint, ni mvuvi. Wanawake wa nyumba za jirani walimwonyesha kazi ya mchangani, ambayo haihitaji mtaji wala shule. Inahitaji mgongo tu. Malipo ni bakuli: anayegeuza ndagala saa sita hubeba bakuli lake jioni, baadhi kwa kula na baadhi kwa kuuza. Asiyekuwepo saa sita hana bakuli, hata kama alifika alfajiri kuanika.

Mwaka wa kwanza haukwisha kabla jua halijamwandika. Weusi wake wa kuzaliwa, ambao anasema mama yake alikuwa akiusifia, uligeuka kuwa weusi mkavu wenye mabaka.

"Mwenye anatoka ku mchanga anajulikana hata ku kanisa," anasema. "Unakaa ku kiti, mwenzako anasogea. Anajua wewe ni wa ndagala."

Basi akafanya walichofanya wenzake. Kila jioni aliosha uso kwa sabuni ya unga ya kufulia, ili harufu ya samaki itoke. Akasugua kwa limau. Akasugua tena kwa kipande cha wavu wa zamani. Halafu akajipaka mkorogo, yaani kreme za kung'arisha ngozi zilizochanganywa pamoja kwenye kopo moja, kila fundi wa mtaani na siri yake. Ngozi ikawa nyeupe, laini, ya kupendeza kwa wiki chache. Asubuhi akairudisha juani ikiwa imechubuliwa hivyo, jua likaiunguza mara dufu, jioni akaongeza mkorogo.

Mtu akiamua kuizeesha ngozi yake kwa makusudi, sijui angefanya nini zaidi ya hapo.

Toussaint, mwanaume mrefu mwenye sauti ndogo, anaketi kwenye ukingo wa mtumbwi wake akishona wavu. Hapendi kuulizwa habari hizi, lakini hakimbii. Anakiri kwamba kreme nyingi alizinunua yeye, kila walipovua vizuri.

"Wanaume wengine wanaletea bibi zao nyama," anasema. "Mie nilileta kreme. Alikuwa anafurahi sana. Nilizani njo mapendo."

Anavuta uzi, anaukata kwa meno. "Yalikuwa mapendo," anaongeza baadaye, kana kwamba kuna aliyembishia.

Kama hasara ingekuwa uso peke yake, pengine wangeizoea. Lakini mkorogo haupakwi usoni tu. Syntiche aliupaka mwili mzima, tumbo likiwemo, na mtoto wake wa pili alipotolewa kwa upasuaji, ndipo ngozi ilipotoa habari zake. Kidonda kiliachia. Kikashonwa, kikaachia tena. Alilala chali kwa muda mrefu, mume akimlisha uji, na binti yao mkubwa, Keren, akifukuza nzi kwa gazeti.

Sasa mimba ya tatu imefika, na ameshaambiwa kwamba mtoto huyu naye atatoka kwa kisu. Hakuna njia nyingine. Ataitwa hospitali mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimechachamaa.

Julie, muuguzi aliyempima, hakumficha kitu. Ni mwanamke wa maneno machache na amechoka kuyarudia.

"Ngozi yake imekuwa kama ganda la kitunguu," anasema. "Ukipitisha sindano, uzi unakata nyama. Nilimwambia: acha mkorogo, tutakuonyesha namna ya kuuacha polepole. Na jua la mchana, usiliachie mwili. Jifunike kichwa, mikono, shingo. Miezi hii iliyobaki inaweza kurudisha kitu. Si vyote. Kitu."

Je, asipofanya hivyo? Julie anapanga glavu zake upya kabla ya kujibu. "Yeye anajua. Alimzika mwenzake."

Mwenzake huyo ni Léonie. Walikuwa wakigeuza ndagala bega kwa bega na kuchangia kopo moja la mkorogo. Mwaka jana Léonie alijifungua kwa upasuaji mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele. Mshono ukafunguka, uchafu ukaingia, homa ikapanda. Mtoto yuko hai. Léonie hayuko.

Syntiche aliuacha mkorogo. Haikuwa kazi ndogo: ngozi iliwasha hadi akajikuna damu, uso ukavimba, kisha ukawa mweusi kwa mabaka mapya, na waliokuwa wakimwita Mama Keren wakaanza kuulizana kama karogwa. Hilo alilivumilia. Lililobaki lilikuwa kofia.

Mwezi wa kumi, asubuhi isiyo na wingu hata moja, alifika ufukweni na kofia pana ya nyasi na shati la Toussaint la mikono mirefu. Hakuna aliyemsalimu. Aligeuza fungu lake, na anasema kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliweza kuona ndagala bila kukunja macho.

"Nilifurahi," anasema. "Mungu anisamehe, nilifurahi kama muntu mwenye iko ku kivuli ya nyumba yake."

Mchana huo huo upepo ukageuka kutoka ziwani. Wingu likaja likiwa jeusi tayari, na mvua ikashuka kabla mtu hajafika kwenye maturubai. Ufukwe wote ukawa tope la samaki. Kesho yake ndagala walinuka hadi barabarani, na bata wakala mpaka wakachoka.

Ni msimu wa mvua Kalemie. Mvua ya mwezi wa kumi hainyeshi kwa sababu ya kofia ya mtu, na bila shaka wapo miongoni mwa wanawake wale wanaolijua hilo vizuri. Lakini mlo wa siku ile ulikuwa umeoza mbele ya watoto wao, na kofia ilikuwa pale, kichwani mwa mtu mmoja.

Walikutana papo hapo kwenye tope. Aliyetoa hukumu ni Mama Bertille, mkuu wa wanawake wa mchangani na mwenyeji wa Moba, ambaye wote humwita Mama Prezidanti. Alisema Syntiche achague: kichwa wazi au nyumbani. Toussaint alikuwa hajapata samaki wa maana wiki kadhaa. Syntiche akachagua kichwa wazi, na hadi leo ndivyo anavyoinama pale, jua likimla mgongoni na mtoto akigeuka tumboni.

Nilikwenda kwa Mama Bertille nikiwa na hasira, sitasema uongo. Nilimkuta uani kwake, ameketi mbele ya mbabula, jiko lake la makaa, anapuliza makaa. Uso wake ni ule ule wa Syntiche: madoa yale yale, mikunjo ile ile, macho mekundu ya miaka ya jua. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto wa kiume aliyelala mdomo wazi.

Nilimwuliza kama kweli anaamini kwamba kofia inaita mvua.

Alimweka sawa mtoto mgongoni, akafunga kitenge upya.

"Hii mutoto ni ya Léonie," alisema. "Léonie ni mutoto yangu. Wa tumbo yangu. Haukujua?"

Sikujua. Ufukweni hakuna aliyenieleza, nadhani kwa sababu wote walidhani najua.

"Yeye njo alikuwa wa kwanza kuleta shapo," aliendelea, akimaanisha kofia. "Bado msichana. Akaniambia, mama, jua inanichoma. Mie njo nilimukataza. Nilimutoa ile shapo ku kichwa na mukono yangu, mbele ya wamama wote, nikaitupa ku maji. Mie nilikuwa prezidanti, ningeacha mutoto yangu aite mvua? Hakurudilia tena. Akaungua kama sisi, akapakala kreme kama sisi."

Makaa yalishika. Aliweka sufuria, akafuta mikono kwenye kitenge, akafuta tena.

"Sasa Mama Keren analeta shapo. Nikisema haina neno, shapo si kitu, basi mutoto yangu alikufa na nini? Uniambie. Alikufa na nini?"

Nilijichukia kwa kuja na hasira yangu. Baadaye, nilipoaga, aliniita nirudi mlangoni. Nilidhani ataniomba nisiandike.

"Uandike," alisema. "Mie mwenyewe sitaweza kuwaambia. Kinywa inakataa. Kama wataisoma, wataisoma."

Jioni ile ile nilimkuta Syntiche kwake, mtaa wa mteremko unaotazama reli. Nilikuwa sijamwambia nilikotoka. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu imevimba, anapembua mawe kwenye mchele. Toussaint alikuwa akikaza kamba za wavu ili atoke na wenzake.

Nilimwuliza anatarajia nini. Ni swali ambalo waandishi tunaliuliza mwisho, na mara nyingi watu hujibu shule za watoto, au nyumba ya matofali. Yeye alijibu haraka, kama mtu aliyekwisha kulizungusha peke yake.

"Kesho nitavaa shapo," alisema.

Toussaint aliacha kamba.

"Wanaweza kunifukuza. Wanifukuze. Tutakula bukari na majani ya sombe bila ndagala mpaka mutoto atoke. Niliogopa sana ile mvua. Nililala siku nyingi naisikia ku bati hata kama hainyeshi, nawaza watoto ya wenzangu hawakukula sababu yangu. Ile woga imeisha. Nimeogopa kitu ingine."

Aliweka ungo chini na kunyoosha mgongo. Juu ya tumbo, nguo ilisogea. Mtoto alikuwa akipiga teke. Akaweka kiganja pale.

"Ndagala ikilowa, tutalia, halafu tutaanika ingine. Mie nikifunguka, nani atanishona mara ya pili?"