Redio ya Kilabu cha Hilda

Tairi la nyuma lilianza kupigapiga barabara kabla hawajafika Buigiri, na Ludovick, dereva wa lori, akatukana kwa Kihaya. Damas, abiria wake, akacheka. Kihaya alikiokota Bukoba, kama alivyookota Kibemba kule Ndola na Kinyarwanda kwenye maghala ya Kigoma. Nchi ya Wagogo, pamoja na safari zake zote, alikuwa akiipita tu, amelala ndani ya treni. Leo ndiyo mara ya kwanza anashuka.

"Nusu saa," alisema Ludovick akiruka chini na jeki mkononi. "Nikiziba tu, naondoka. Kuna karanga zinanisubiri Mpwapwa, na nataka kuwahi mazishi ya yule mwalimu."

Habari za huyo mwalimu walizisikia asubuhi, lori lilipokuwa likipakia soko la Majengo, Dodoma. Ludovick aliongeza sauti ya redio ghafla: Mwalimu Denis Chilewa, aliyefariki Morogoro, atazikwa leo saa kumi alasiri mjini Mpwapwa. "Huyo kanifundishia watoto wawili," Ludovick alisema, akatikisa kichwa.  Vifo vya redioni vilikuwa vingi na Damas hakuwa na mtu Mpwapwa.

Sasa ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Damas alijitwika furushi lake la magazeti. Mwaka ule magazeti mapya yalikuwa yakichipuka kama uyoga, kila wiki jina jipya, na wakala mmoja wa Dodoma alikuwa amemtuma atafute wasomaji kando ya barabara kuu. "Usianze na shule," wakala alimwambia. "Anza na vilabu vya pombe. Mtu akiwa na kibuyu mkononi hana haraka, atasikiliza chochote."

Kilabu hakikuwa mbali. Kilikuwa tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bapa, na uani walikaa wanaume kama kumi kuzunguka mtungi wa ujimbi, ile pombe ya mtama yenye rangi ya maziwa yaliyomwagiwa majivu.

"Mbukwenyi!" Damas aliwasalimu kwa neno alilofundishwa njiani.

Walimwitikia, kisha wakacheka. "Huyu kalimeza neno bila kulitafuna," alisema mzee mmoja mwembamba. "Karibu, kijana. Mimi ni Kefa. Hicho ulichobeba ni nini, matofali?"

"Magazeti, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi umepotea njia. Hapa tuna redio yetu, na inakunywa pombe."

Aliyeelekezewa kidole alikaa mlangoni kwenye kigoda, mtu wa miaka arobaini na kitu, macho yamefumba, redio ndogo yenye mkanda wa ngozi ikiwa mapajani. Redio ilikuwa imezimwa, mfuniko wa nyuma uko wazi. Kwenye jiwe pembeni yake betri nne zilipangwa juani, na kila baada ya muda mkono wake ulizitafuta, ukazigeuza moja moja, kama mtu anayechoma mahindi.

Huyo ndiye Yotham. Alisoma papo hapo Buigiri, katika shule ya wasioona, akatoka na kichwa kisichosahau. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akisikiliza taarifa ya habari nyumbani, kisha anakuja kilabuni na kuitoa upya neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya mtangazaji, hata kikohozi chake. Malipo yake yalikuwa kata ya kwanza ya kila mtungi. Na alipofika kwenye matangazo ya vifo, wanywaji wote waliweka vibuyu chini. Hakuna aliyegusa pombe mpaka Yotham aseme "mwisho wa matangazo". Hakuna aliyeliweka sharti hilo, lilikuwapo tu.

"Mgeni," Yotham alisema kwa sauti ya chini, "njiani hamkupishana na gari lenye jeneza?"

"Hapana, kaka. Tumetoka Dodoma."

"Ah. Hilo litatoka upande wa Morogoro." Akageuza betri ambazo alikuwa amezigeuza dakika ile ile.

Damas aliuliza jeneza la nani. Jibu lilitoka ndani ya tembe, pamoja na mwanamke aliyejifunga kanga nyeusi kiunoni na nyingine kichwani. Alikuwa Hilda, mwenye kilabu.

"La kaka yangu," alisema. "Jana jioni Yotham katuletea tangazo. Kaburi tumechimba, liko tayari nyuma ya kanisa. Hawa unaowaona ndio wachimbaji, pombe hii siuzi, ni ya kuwapoza. Ila gari linachelewa." Alitazama barabara. "Denis hakuwa mtu wa kuchelewa."

Damas alihisi furushi limekuwa zito. "Denis... alikuwa mwalimu?"

"Mwalimu Denis Chilewa. Ulimjua?"

Kutoka barabarani ulisikika mlio wa nyundo ikigonga chuma. Ludovick alikuwa bado anahangaika na tairi.

 Damas aliinama karibu na sikio la Yotham. "Kaka, jana ulilisikia tangazo mpaka mwisho?"

Mkono wa Yotham ulisimama juu ya jiwe. "Kwa nini unauliza?"

"Nimelisikia mimi leo asubuhi. Anazikwa Mpwapwa. Saa kumi."

Yotham aligeuza betri moja, kisha nyingine.  Damas alisubiri, akahesabu mapigo sita ya nyundo, kisha akaona hawezi kusubiri zaidi. Akasimama wima, akamwambia Hilda yote: Majengo, redio ya lori, Mpwapwa, saa kumi alasiri.

Kefa akacheka kicheko kikavu. "Mnaona ujanja wa biashara! Kafika hana hata robo saa, ameshaanza kumvunjia Redio jina ili tununue makaratasi yake."

"Sina sababu ya kudanganya, mzee. Muulizeni dereva, yuko pale chini ya lori."

"Dereva mmekuja naye! Utamleta shahidi uliyepakia mwenyewe?" Wengine waliguna kumuunga mkono. Mmoja akasema, "Wa Buigiri anazikwa Buigiri. Baba yake yuko pale, mama yake yuko pale. Mpwapwa ana nini?"

"Ana mke," Hilda alisema taratibu. "Na nyumba aliyojenga." Lakini alimgeukia Damas kwa macho makali. "Kijana, nisikilize. Nikiondoka hapa na jeneza likafika, kaka yangu atapokelewa na nani? Baba alikufa, mama alikufa. Nimebaki mimi. Unataka afike nyumbani akute mlango umefungwa?"

"Na likiwa haliji, dada?"

"Yotham alisema linakuja. Yotham hajawahi kukosea."

Ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Damas alimtazama yule mtu kwenye kigoda. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nyundo barabarani ilinyamaza, na badala yake ikaja sauti ya pampu ya mkono, fu, fu, fu, upepo ukiingia tairini.

Damas alijua angeweza kupiga kelele mpaka jioni. Mgeni ni mgeni. Neno la kumtoa Hilda uani lilikuwa kwenye kinywa kimoja tu.

"Kaka Yotham," alisema. "Anajaza upepo."

Yotham alisimama. Redio iliteleza mapajani, Damas akaidaka, akauvaa mkanda wake begani. Wanaume, kwa mazoea tu ya kumwona akisimama, waliweka vibuyu chini. Naye akaanza, kwa ile sauti nzito ya mtangazaji:

"Familia ya marehemu Mzee Chilewa inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Mwalimu Denis Chilewa, kilichotokea jana huko Morogoro baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari ziwafikie dada yake, Hilda Chilewa wa Buigiri, shemeji zake popote walipo, ndugu, jamaa na marafiki. Mazishi yatafanyika kesho saa..."

Alinyamaza. Walimngoja aendelee. Jana hakuwa amenyamaza hapo.

"Hapo betri zilikufa," Yotham alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Yaliyobaki niliyatia mimi."

"Uliyatia wewe?" Kefa aliuliza kama mtu asiyeelewa lugha.

"Kila wa Buigiri ninayemtangaza huzikwa Buigiri. Nikasema na huyu vile vile. Nikajiambia asubuhi betri zitapata joto, nitasikia marudio, mambo yatakuwa hivyo hivyo. Hazikupata joto. Tangu alfajiri nasikiliza magari."

"Si ungesema tu hukusikia!"

"Niliwahi kuwaambia hivyo lini?" Yotham alijibu, na hasira ikapenya katika aibu yake. "Jumamosi nzima mmenishikilia hapa, mpira, mpira, redio wazi kutwa. Nilipowaambia betri zinakwisha mlisema nini, Mzee Kefa? Mlisema Redio haiishi betri. Dukani kuna bia za kopo mpaka darini, betri hakuna wiki ya pili hii. Jioni ile mkaniuliza anazikwa wapi. Wote mmenyamaza mnanisubiri. Nikajibu."

Hakuna aliyemtazama, ingawa yeye asingejua. Hilda alikuwa amesimama mikono imeshika kichwa. Damas alidhani atalia, au atampiga. Badala yake alifungua kanga ya kiunoni, akaifunga upya, imara, kama anayejiandaa kunyanyua mtungi.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa saba kasoro kumi," alisema Damas.

Injini ya lori ikaunguruma. Damas alitoka mbio, magazeti yakitawanyika, akapunga mikono yote miwili katikati ya barabara. "Ludovick! Ngoja! Dada wa mwalimu! Dada yake marehemu yuko hapa!"

Ludovick alitoa kichwa dirishani, akamwona mwanamke wa kanga nyeusi akikimbia bila viatu.  Alifungua mlango wa upande wa pili. "Panda, mama. Njia ni mbovu toka Mbande, lakini tutajaribu."

Hilda alipanda. Akageuka. Yotham alikuwa amefika barabarani peke yake, akifuata sauti ya injini, fimbo mbele.

"Dada Hilda," alisema, "siombi msamaha hapa. Nichukue. Shemeji zako wakiuliza kwa nini umechelewa, au kwa nini umekuta wameshafukia, nitawaambia mimi kwa mdomo wangu. Usije ukalibeba kosa hili wewe."

Hilda alimwangalia kutoka mlangoni mwa lori.

"Na kaburi nililochimbisha?" aliuliza. "Kaburi wazi kule kanisani nalo utalitangaza?"

Yotham aliinamisha uso.

"Panda nyuma," alisema Hilda. "Shika kamba vizuri. Sitaki maiti wawili leo."

Wapita njia wawili walimnyanyua mpaka juu ya magunia. Kabla lori halijaondoka aliinama kuelekea alikodhani Damas amesimama. "Betri ziko juani, kaka. Zigeuze, zisiungue upande mmoja." Lori likatoka, likibeba vumbi lake, na pampu ya Ludovick ikabaki imesahaulika kando ya barabara.

Damas aliokota magazeti, akarudi uani. Wanaume walikuwa wamekaa pale pale, vibuyu bado viko chini, maana hakuna aliyekuwa amesema mwisho wa matangazo. Alikaa chini karibu na kigoda kitupu, redio mkononi, akazigeuza betri.

"Wewe mwenye magazeti," Kefa alisema hatimaye. Ucheshi ulikuwa umemtoka. "Watawahi?"

Nyuso kumi zilimgeukia, zikamsubiri.

"Sijui, mzee," alisema Damas.

Kefa aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakuna aliyenyanyua kibuyu.