Ukili wa Mikono Minne

Ratiba niliiandika mara tano. Nne za kwanza nilizichana kwa sababu ya mstari uliopinda, au neno nililolifuta likaacha doa. Nikiri mapema kwamba sikusoma sekondari, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi akiogopa kwamba siku moja kosa dogo litamuumbua. Kiingereza nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia karanga. Kijerumani nilikianza kwa kamusi ndogo niliyoikuta mfukoni mwa koti la mtumba, miaka ile marobota yalipoanza kumwagika hadi Lindi.

Ratiba ilikuwa ya safari ya gari kwenda Berlin. Wenyeji wangu, mwalimu mstaafu na mkewe muuguzi, walikuwa wamefanya kazi Lindi miaka mitatu, na mimi nilikuwa mkalimani wao vijijini. Waliporudi kwao Ujerumani walinialika miezi miwili. Jioni moja, tukiwa mezani, wakasema Jumamosi na Jumapili watanipeleka Berlin nikaone mji wa kale, na mpango wote niupange mimi. Walidhani wananipa zawadi. Mimi nilitokwa jasho.

Nilikuwa na jambo moja tu la kufanya Berlin, na sikuwa nimewaambia. Bibi yangu alikuwa amenituma.

Baba yake bibi alikuwa mmoja wa watu waliochimba mifupa ya mnyama wa kale kwenye kilima cha Tendaguru enzi za Mjerumani, wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mpaka anakufa alisimulia kwamba shimoni mwao ulitoka mfupa wa mguu uliomzidi mtu kwa urefu, ukakatwa vipande ili ubebeke, na kipande kimoja akakibeba yeye. Hakuna aliyemwamini. Watani wetu wakapata pa kushika. Kila harusi, kila msiba, lazima mmoja ainuke aulize kama ukoo wa mbeba mnyama umefika, na kama umekuja na mfupa wa supu. Bibi alikuwa akicheka nao, maana utani haununiwi, lakini tukifika nyumbani hasemi neno mpaka kesho yake.

Siku ya kuniaga alipanda kigoda, akatoa juu ya dari ya jikoni ukili uliokunjwa kama mkanda, mweusi kwa moshi. Ni ukili wa kawaida wa kushonea mkeka, ila huu haukushonwa popote. Mama yake aliusuka kwa kipimo alichopewa na mumewe: mikono minne, kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Nenda kaupime," bibi aliniambia. "Kama baba alikuwa mwongo, nijue nikiwa hai."

Sasa aibu yangu yote. Mimi nami sikumwamini yule mzee. Kwenye ratiba nilitenga saa mbili kwa lango la mji, saa moja na nusu kwa kanisa kuu, na nusu saa kwa makumbusho. Nilijua nitakuta mfupa kama wa ng'ombe. Nilitaka niuone haraka, nipate muda wa kutunga uongo wa kumpelekea bibi.

Usiku mmoja njiani niliutenga pia. Ilikuwa Aprili na mvua ilikuwa ikinyesha, na kwetu mtu mwenye akili hasafiri Aprili bila kujua atalala wapi. Lami niliyoiona tangu nifike haikunidanganya. Hata Lindi ilikuwepo lami, unapita nayo Mitwero ukijiona mfalme, kisha inakwisha na udongo unaanza. Niliwahi kukaa siku tatu Kinjumbi, lori limezama hadi ekseli, tukila muhogo wa wenyeji. Kwa hiyo niliandika: kuondoka alfajiri. Jembe moja, panga moja, mnyororo, mbao mbili za kuwekea chini ya magurudumu. Madumu mawili ya maji. Mchele, sufuria, mkeka. Barua tatu za utambulisho kwa mwenyekiti wa kijiji tutakacholala, jina la kijiji nimeliachia nafasi. Kufika Berlin ni Jumapili asubuhi, Mungu akipenda.

Mwenyeji wangu aliisoma ratiba yote bila kuinua macho. Mkewe akaisoma baada yake.

"Mwanangu," akasema, "jembe tunalipeleka Berlin?"

"Hapana, mama. Jembe ni la njiani."

Alifungua mdomo aseme jambo. Mumewe akamshika mkono, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Lindi, "Mimi nimelala kwenye tope la Mbwemkuru siku mbili. Lipakie."

Tulitoka alfajiri kama ilivyoandikwa. Jembe, mbao na madumu vilikuwa kwenye buti, ukili mfukoni mwangu. Nilikaa mbele nikisubiri lami iishe. Haikuisha. Mvua ilipiga na gari halikupunguza mwendo, na kila nilipoona daraja nilijiandaa kushuka, na kila mara tukawa tumeshavuka. Kabla ya saa nne asubuhi mwenyeji wangu alizima injini kando ya barabara pana yenye miti. Nikamuuliza hapa ni kijiji gani, nijaze barua.

"Hapa ni Berlin," alisema.

Nilikaa pale kwenye kiti na zile barua tatu mapajani. Sikuona haya hata kidogo. Haya ilikuja baadaye. Nilichohisi ni kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta uko wazi. Tulikuwa na siku nzima, na usiku, na kesho yake mpaka jioni, wakati wote ule nilioutengea tope. Mama mwenyeji akauliza tuutumie wapi. Nikatoa ukili, nikawaeleza habari za bibi, na za ile nusu saa.

Hatukwenda langoni wala kanisani. Tulikwenda moja kwa moja makumbusho.

Mnyama, mifupa mitupu, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Nilimtafuta kichwa nikakikosa, mpaka nilipoinua shingo na kofia ikaanguka. Nikashika kamba iliyozuia watu wasisogee. Nilisoma kibao polepole, neno kwa neno, nikaona Tendaguru imeandikwa pale.

Mlinzi, mzee mwenye mikono mirefu, alisema hairuhusiwi kugusa. Mama alizungumza naye kwa muda. Mwisho mlinzi akaupokea ukili kwa vidole viwili, akavuka kamba yeye mwenyewe, akauning'iniza mbele ya mfupa wa mguu wa mbele bila kuugusa. Harufu ya jiko la bibi ilinifikia nilipokuwa nimesimama.

Ukili haukutosha. Ncha yake ya juu ililingana na kichwa cha mfupa, na chini mfupa uliendelea. Nilimwomba mlinzi ausogeze, nikidhani macho yangu yamekosea, akausogeza, na bado. Mfupa ulizidi shubiri nzima na vidole vitatu.

Nilirudi pale Jumapili nikapima tena.

Nilipofika kwa bibi nilimkuta na mtani wake, ajuza mwenzake, wamekaa barazani. Nikawapa shikamoo, wakaitikia, nikasema niliyoyaona, pamoja na ile shubiri. Nilitarajia bibi apige vigelegele. Aliuchukua ukili, akauweka mapajani.

"Mwanzo baba alikuwa akisema mikono mitano kasoro," alisema. "Walipomcheka sana, akashuka mpaka minne. Nilikuwa mdogo, nilidhani amesahau."

Mtani wake alitazama chini. Bibi aliingia ndani, akatoka na miyaa mibichi ya kusukia, akaushika ukili mweusi pale ulipoishia. Akaniambia nikunjue kiganja changu, nimwonyeshe shubiri.

"Haya," mtani akamwambia bibi taratibu, "na wewe usizidishe."

"Nyoosha kidole," bibi aliniambia, akaanza kusuka.