Sauti ya Mama Kwenye Pipa la Taka

Mama yangu alificha hereni zake za dhahabu ndani ya gunia la makaa. Mwizi, alisema, hapekui makaa. Alipofariki mwaka jana hakuna aliyejua ni gunia gani, na tayari tulikuwa tumewapikia wageni wa msiba wiki nzima kwa makaa hayo. Hereni hatukuziona tena.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Mpumudde, Jinja, na wateja huchomeka flashi zao kwenye kompyuta yangu bila hata hodi. Basi rekodi ya mama akiimba wimbo wa kumtoa bibi harusi, niliyoichukua miezi miwili kabla hajafa, niliificha kwenye pipa la taka la kompyuta. Nani afungue takataka za mwenzake? Nilijiona mjanja kweli.

Jumatano, siku tatu kabla ya nikaha ya binti yangu kule Mbale, umeme ulikatika kompyuta ilipokuwa ikijisasisha. Uliporudi, mashine ikawaka, ikazima, ikawaka tena, ikazima. Na binti alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: atolewe ndani kwa sauti ya bibi yake.

Nikampigia mdogo wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta huko Mbale.

"Dada, hiyo imekufa," akasema. "Lete hapa. Mimi nafuta yote, naweka mpya."

"Ukifuta, na taka zinaenda?"

"Taka ndiyo ya kwanza. Kwani wewe unalilia taka?"

Nikamwambia kilichomo. Akacheka mpaka nikamkatia simu.

Alipiga tena, safari hii kwa adabu. Akanieleza kwamba kompyuta huja na dawa yake ndani, mradi nisibonyeze kwa pupa. Kweli, kioo kilikuwa kimegeuka buluu na kunipa chaguo. La kwanza, ijirekebishe yenyewe. Ikahangaika nusu saa, ikakiri imeshindwa. La pili, ianze upya lakini ihifadhi mafaili yangu. Kidole kilikuwa tayari.

"Hapana!" akapiga kelele. "Hiyo inaacha mafaili, lakini pipa inamwaga. Rudisha mfumo nyuma. Hiyo inageuza mitambo yake tu, vitu yako haigusi, hata takataka."

Nikachagua irudi ilivyokuwa Jumatatu, nikasoma kila dua niliyoijua. Ikachukua muda wa kupika maharage. Kisha ikawaka, ikatulia. Printa niliyoifunga Jumanne ilikuwa haiijui kabisa, lakini ndani ya pipa, kati ya barua ya mtu ya kuomba kazi na picha ya mbuzi, rekodi ilikuwepo. Nililia pale pale dukani, mteja akaniuliza kama kopi zake bado.

Nikaituma kwa mdogo wangu, kwa dada zangu wote, na flashi yenye nakala nikaifunga kwenye pindo la leso.

Jumamosi ikapigwa chini ya hema. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kuimba, mama alikuwa amenigombeza: "Wee, umebonyeza kweli? Isikuwe naimba bure."

Hema zima likacheka. Binti naye alicheka, wanja ukamtiririka mashavuni. Nami, mbele ya wakwe wote, nikajibu kwa sauti: "Nimebonyeza, mama."