Bi Waya na Setilaiti Iliyotangulia

Bi Waya alianza kupanda mapaa ya watu akiwa na miaka kumi na tisa, akimfuata mjomba wake aliyekuwa fundi wa antena za televisheni. Mjomba alikuwa mzito wa mwili na mwepesi wa maneno: yeye alikaa chini akielekeza, mpwa akapanda. Miaka thelathini ikapita hivyo, mpaka chuo kilipomwajiri kutunza dishi lake kubwa la kunasa mawimbi. Vyeti hakuwa navyo. Masikio alikuwa nayo.

Kazi yake ilihusu setilaiti moja ndogo, haizidi mkate kwa ukubwa, iliyoundwa na wanafunzi. Kila siku mnamo saa nne asubuhi, na tena baada ya saa moja na nusu, ilikatiza juu ya chuo, na dishi liliifuata kutoka upeo huu hadi upeo ule kwa muda usiofika dakika kumi. Kompyuta ndiyo iliyoshika ratiba na kulizungusha dishi. Bi Waya alivaa spika zake za masikioni akasikiliza.

Nyumbani, wifi yake, mke wa kaka yake, hakukosa la kusema.

"Wifi, hicho kidude chako cha angani kitakuoa lini?"

"Angalau chenyewe kinakuja kwa wakati. Kaka yangu je?"

Wifi alicheka mpaka akashika mlango.

Ikatokea chuo kikafungwa siku nne za mapumziko. Siku ya tatu wifi alikuja mbio na simu mkononi. "Hebu ona! Mbingu za wenzetu zimepakwa rangi!" Ilikuwa aurora, ile mianga inayocheza angani karibu na ncha za dunia, ya kijani na zambarau, na safari hii ilikuwa kali kuliko kawaida. Bi Waya akaisifia, kisha akaendelea kuanika nguo.

Chuo kilipofunguliwa alivaa spika zake, dishi likaanza kugeuka. Mwanzoni kabisa ulisikika mkwaruzo mfupi, kisha kimya. Dakika zikayoyoma, hola.

Mkuu wa idara, mtu mpole mwenye pupa ya kuandika ripoti, alitikisa kichwa. "Imekufa, Bi Waya. Niandike tanzia."

"Subiri kidogo, Daktari. Maiti haipigi chafya."

"Chafya gani?"

"Mwanzoni nimeisikia. Halafu ikanipotea, kama mtu anayepita dirishani huku wewe bado unatafuta miwani." Akawazua. "Ile mianga ya juzi, inaweza kupasha hewa moto?"

"Ile ya juu, sana tu. Chembe zinazotoka kwenye jua na mikondo ya umeme huichemsha hasa."

"Na ikichemka?"

"Inavimba. Inapanda juu."

"Kama maziwa kwenye sufuria! Basi kidude chetu kimepita kwenye hewa nzito kuliko iliyozoeleka. Kimekokotwa. Kitakuwa kimechelewa."

Mkuu alifungua kinywa kukubali, akakifunga, kisha akajipiga paji la uso. "Hapana! Kimewahi! Kikikokotwa kinashuka, na kikishuka njia yake inakuwa fupi, tena kinakimbia zaidi. Kinafika kabla ya ratiba!"

"Ndiyo maana! Pale mwanzoni kilikuwa bado mbali, kinakuja moja kwa moja upande wetu, kwa hiyo dishi limekiona. Kilipokaribia kikatuacha, sisi tunageukia mahali kilikokwisha pita."

Zamu nyingine ilikuwa baada ya saa moja na nusu. Hakuna aliyekunywa chai. Bi Waya alilitanguliza dishi kwa sekunde ishirini: mkwaruzo, kimya. Akaongeza kumi: mkwaruzo ukarefuka. Akaongeza kumi tena, na sauti ikamjaa masikioni, nyororo, bila kukatika. Akamvua Mkuu miwani bila kujua anachofanya, akamvisha spika.

"Iko hai," Mkuu akanong'ona.

Vipimo vilionyesha betri nzima na kamera nzima, ila setilaiti ilikuwa imeshuka zaidi ya kilomita moja ndani ya siku chache. Ingeungua angani miezi kadhaa kabla ya ilivyotarajiwa. Alasiri ile Bi Waya alikunja nyaya zake mapema kuliko kawaida. Mtu akihangaika hivyo kukipata kitu, hapendi kuambiwa papo hapo kwamba kimepunguziwa umri.

Lakini miezi iliyobaki aliitumia vizuri. Kila asubuhi alisoma taarifa za hali ya anga za juu, akarekebisha saa ya dishi mwenyewe, na wanafunzi wakawa wanatumwa kwake kujifunza. Setilaiti ilipokuja kuzimika kweli, alikwisha kunasa picha zake zote. Sasa wanaunda ya pili, na Bi Waya ndiye aliyegonga meza kwenye kikao akitaka ipelekwe juu zaidi.