Kifua cha Alima

Inatangazwa, kwa heshima yote inayomstahili mama wa Kizaire, nguzo ya kwanza ya taifa, kwamba mtoto ana mama mmoja, naye ni yule aliyemzaa. Kwa hiyo mama mzazi peke yake ndiye atakayeingia katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Baba, bibi, shangazi, jirani na wengineo watangoja nje. Ndivyo alivyoandika Mganga Mkuu wa hospitali moja ya Lubumbashi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na karatasi ikabandikwa mlangoni kwa plasta ya vidonda, kwa kuwa gundi ilikuwa imekwisha.

Tangazo lilikuwa na sababu. Chumba kile kilikuwa na kuvezi mbili, yale masanduku ya kioo ya kuwatia watoto joto. Moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa hai, na ilikuwa na wapangaji watatu. Muuguzi mkuu, mama mmoja wa Kasai aitwaye Hortense (jina la Kizungu, ambalo serikali ilikuwa imelifuta kama mengine yote ya kigeni na watu wote waliendelea kulitumia), alisoma katika jarida la masista kwamba huko Kolombia, ambako mashine nazo ni haba, mtoto wa namna hiyo huvuliwa nguo akabaki na kofia na kitambaa cha chini, akasimamishwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa hapo usiku na mchana. Mama ndiye kuvezi. Hahitaji umeme. Mganga Mkuu alilikubali jambo hilo, akaliongezea tangazo.

Sasa Alima hakuwa mama mzazi wa mtu yeyote. Alikuwa mke wa kwanza wa Yuma, fundi cherehani wa mtaa wa Hewa Bora, ambaye babu zake walifika kutoka Maniema na msala wao na ufundi wao. Asubuhi Alima alikaanga vitumbua mbele ya nyumba, akaviuza vyote, na hakumsifu mtu. Miaka mingi ya ndoa ilikuwa imempa heshima, kitanda kikubwa, na hakuna mtoto. Wivu alikuwa nao tangu usichana, na aliutunza kama wengine wanavyotunza vyombo vya harusi: safi, mahali pamoja, na hauazimwi.

Yuma alipomleta Sofia, mke wa pili, binti wa kutoka mji wa Kasongo, alifanya kama dini inavyotaka. Akikata kitenge, alikata vipande viwili. Akilala huku leo, kesho alilala kule. Alima alivipima vipande kwa mkono wake mwenyewe. Safari moja alikuta cha Sofia kimezidi kwa upana wa kidole, na fundi, mtu aliyewashonea hata maofisa abakosti zao, yale makoti ya kiserikali yasiyovaliwa tai, akarudi kwenye cherehani akapunguza kidole.

Kisha Sofia akashika mimba, na hapo hapakuwa na kipande cha pili.

Watoto walikuja kabla ya wakati, mwezi wa sita, Lubumbashi inapoamka na baridi ya kuuma masikio. Sofia alipasuliwa. Walikuwa wawili, wanaume, Hasani na Huseni, kila mmoja akitosha ndani ya kiatu cha baba yake. Mtaa mzima ukajua tangu siku hiyo kwamba Sofia haitwi tena Sofia. Anaitwa Mama Mapasa, mama wa mapacha. Na mtaa ulijua pia sheria ya mapasa: unachompa mmoja, mpe na mwenzake. Ukimnyima, yule aliyenyimwa anaona wivu, anarudi alikotoka. Alima alipokumbushwa sheria hiyo aliona kwamba angalau watoto hao wana akili.

Lakini Sofia alikuwa na kidonda na homa. Aliweza kumbeba mmoja tu. Hortense akatoka kwenye baraza kumtafuta baba.

— Baba Yuma, uyu wa pili hana kifua. Kuvezi imejaa. Uniletee mwanamuke mwenye afya.

— Lakini karatasi inasema mama mwenye kuzaa tu.

— Miye najua kusoma. Iko nani ku nyumba?

Nyumbani alikuwako Alima. Yuma alimweleza jambo hilo akiwa amesimama, kofia mkononi, na Alima akakataa. Alikataa mpaka majirani wawili walipopita mbele ya vitumbua wakiulizana kwa sauti kama Mama Mapasa ameamka vizuri. Hapo akazima moto, akajifunga kitenge, akaenda. Huruma haikutajwa.

Mlinzi alimzuia mlangoni, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoagiza.

— Citoyenne, weye ni nani?

— Mama ya mapasa.

— Mama ya mapasa iko ndani, minamuona.

— Mapasa ni wangapi?

— Wawili.

— Na weye unaona mama ngapi?

Mlinzi alikuwa mtu wa hesabu ndogo lakini sahihi. Akafungua mlango.

Hortense alimfungua blauzi, akamweka Huseni katikati ya kifua, akamzungushia kitenge akakikaza kama mzigo wa safari. Alima alilalamika kwamba mtoto ni wa baridi. Hortense alisema ndiyo, ndiyo maana. Alima alilalamika tena kwamba anamkwaruza.

— Anatafuta ziwa, mama.

— Ku ile ziwa yangu hamuna kitu.

— Yeye hajui.

Basi wakakaa wake wawili wa Yuma katika chumba kimoja, vitanda vikitazamana, kila mmoja na mtoto wake kifuani, yaani mmoja na mtoto wake na mwingine na mtoto wa mwenzake. Maziwa ya Sofia yalikamuliwa katika kikombe, yakagawanywa, watoto wakanyweshwa kwa kijiko. Alima aliinama kila mara kuangalia kama mgao ni sawa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake tabia hiyo haikumkera mtu.

Kilichomtesa ni wageni. Tangazo liliwakataza, lakini hakuna mlinzi aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kuwazuia watu wanaokuja kuwaimbia mapasa. Walikuja kwa makundi: majirani, wateja wa Yuma, watu wa Maniema wa mitaa ya Kenya na Katuba, hata mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Waliimba kwa sauti ya chini, wakaweka zawadi mguuni pa Sofia, wakaomba kumwona mtoto. Sofia akafungua kitenge, akamtoa Hasani. Hasani akapita mkono kwa mkono, wakamsifu pua, wakamrudisha. Baadaye kidogo kundi lingine. Huseni hakuombwa na mtu, kwa sababu ili kumwona ilibidi kwanza kumsalimia Alima. Alima aliwageuzia mgongo, akatazama ukuta, kitenge kimekazwa mpaka shingoni, akichemka.

Asubuhi watoto walipimwa. Huseni alipanda. Hasani alishuka. Kesho yake Huseni alipanda tena.

— Yaya Alima, Sofia aliuliza kutoka kitandani, akimwita dada mkubwa kama mke mdogo anavyopaswa, uyu mutoto unamulisha nini? Wivu?

— Wivu iko na joto, mudogo yangu. Jaribu.

Wanawake wa vitanda vingine walicheka. Sofia naye alicheka, kisha akaigeuza sura yake upande wa dirisha, na hakuigeuza tena mpaka mchana. Alianza kumtazama Huseni kama Alima alivyokuwa akiutazama mkono wa Yuma unapokata kitambaa. Hatimaye akaomba wabadilishane. Mapasa ni sawa, alisema. Kila mmoja ana haki ya vifua vyote viwili. Alima alijibu kwamba kitu kilichokwisha kukatwa hakirudishwi dukani.

Kisha Hasani akawa wa baridi hata mchana. Mara mbili alisahau kupumua, na Hortense akampiga unyayo kwa kidole mpaka akakumbuka. Hortense akasogeza kiti chake karibu na kitanda cha Sofia, na wanawake wa chumba kile walikuwa wamejifunza maana ya kiti hicho. Usiku Sofia alilia, akiuma ncha ya kitenge ili yaya asisikie. Yaya alisikia.

Siku iliyofuata aliingia Amida, dada yake Yuma, na wanawake sita nyuma yake, na beseni kichwani. Akalitua. Ndani mlikuwa na sabuni, poda, na kitenge kipya chenye maua ya manjano. Kimoja. Alima alitazama chini ya sabuni, akatazama chini ya poda. Kimoja. Amida alikuwa amekwisha kunyoosha mikono kwa Hasani, na Sofia amekwisha kushika fundo.

Alima akasimama, Huseni kifuani, akaenda mlangoni, akaliwekea tangazo kidole. Kifaransa hakukijua, tangazo alilijua.

— Munaona hii? Mama mwenye kuzaa peke yake! Inje! Bote, inje!

— Na weye njo nani? alifoka Amida. Ulizaa nini, vitumbua?

— Inje!

— Hii wivu itakuua, Alima!

— Iniue. Lakini toka kwanza.

Kelele zikawa kubwa, watoto watatu wa kuvezi wakaamka, na mlinzi, akiwa amekumbushwa mbele ya watu kwamba kuna tangazo, akalitekeleza. Beseni likatoka na wenyewe. Habari ikafika Hewa Bora kabla ya jua kuzama: Alima amefukuza wageni wa mapasa. Watu walikasirika, wakaapa kutotia mguu tena hospitali ile, na walitimiza kiapo.

Sofia hakuwa tena na mtu wa kumfungulia kitenge. Hasani akabaki palepale, kutwa na kucha, sikio juu ya moyo wa mama yake. Siku ya kwanza mizani haikusema kitu. Ya pili haikushuka. Halafu ikaanza kupanda, kidogokidogo, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Hortense ndiye aliyeelewa kwanza, akamwagiza mlinzi aendelee kuwa mkali. Baadaye aliulizwa Alima kama alijua kwamba baridi ilitoka kwenye mikono ya wageni. Alisema alijua habari ya kitenge.

Amida naye hakukaa bure. Alikwenda kwa Mganga Mkuu, akamweleza kwamba ndani ya chumba chake mna mwanamke asiye mzazi. Mganga Mkuu akaja mwenyewe, koti jeupe juu ya abakosti, akasimama katikati ya vitanda viwili.

— Nimesikia humu kuna mwanamke ambaye hakuzaa.

Mkono wa Alima ulipanda juu ya kofia ya Huseni, ukakaa hapo. Huseni akitolewa, mahali pake palijulikana: mpangaji wa nne wa kuvezi.

— Citoyenne, Mganga Mkuu alimwambia Sofia, hawa wawili ni wako?

Swali hilo Sofia alikuwa amelitamani tangu siku ya kwanza ya mizani. Neno moja tu, na yaya angekwenda zake. Alimtazama Alima. Alitazama kofia chini ya mkono wa Alima, kisha kuvezi, ambamo miguu ya watoto watatu ilikuwa imepishana kama vijiti. Wivu wake ulimpanda shingoni, kila mtu aliuona. Akaumeza.

— Wangu ni uyu, alisema, akimgusa Hasani. Ule ni ya yaya.

Mganga Mkuu alimgeukia Hortense, aliyekuwako siku ya kupasuliwa na aliyewapokea watoto wote wawili kwa mikono yake. Hortense alisema kwamba uzito wa asubuhi ni mzuri sana. Mganga Mkuu alikuwa na mkutano wa Chama saa nne. Akatoka.

Alima akapumua, akakaza kitenge, kisha akataka kuelezwa kwa nini Hasani, yule aliyetangulia kuzaliwa, amebaki upande wa Sofia.

Mwishoni mwa mwezi wa nane waliruhusiwa kwenda nyumbani, kila mmoja na karatasi yake yenye sahihi ya Mganga Mkuu mwenyewe: Hasani, mwana wa Sofia, Huseni, mwana wa Alima, wamezaliwa siku moja, mapasa.